Matofali manne, mkate mmoja wa ndizi na oti

Baba yangu aliendesha lori kati ya Mombasa na Malaba miaka zaidi ya ishirini, na kama kuna kitu hiyo barabara ilimwachia, mbali na mgongo kuuma, ni chai. Chai ya maziwa, imekolea, tamu ya kushikanisha midomo, na mkate kando. Mtito Andei chai na mkate, Salgaa chai na mkate, akifika nyumbani kabla hata avue viatu mama ashaweka sufuria kwa meko. Sasa mwaka jana miguu ikaanza kufa ganzi, tukampeleka kliniki, wakampima wakasema mzee sukari imepanda, anza dawa na hayo mambo ya mkate mweupe na vitu vitamu upunguze. Alitoka pale akaingia kwa gari akanyamaza mpaka tukafika raundi ya Nyayo, ndio akasema, "Mama, sasa hiyo chai nitakunywa na nini?"

(Ananiita mama kwa sababu mimi ndio nilipewa jina la mama yake. Inasaidia, hata akikasirika hawezi kunitukana sana.)

Mimi na kiherehere changu nikamjibu, baba wacha wasiwasi, nitakuokea mkate mwenyewe, wa matunda, sukari kidogo tu. Nilisema hivyo na sijawahi oka kitu maishani. Oveni yangu ilikuwa kabati. Si mnajua Nairobi oveni ni mahali pa kuficha sufuria kubwa za wageni na ile pani ya chapati, ukitaka kuiwasha lazima kwanza uhamishe nyumba nzima.

Nikaingia mtandaoni nikatafuta mkate wa ndizi. Wamarekani wanauita mkate lakini ukiuangalia vizuri ni keki imevaa nguo za kazi, hauna hamira, haulali usiku ukiumuka, hakuna kukanda, unakoroga tu unamimina kwa tini unaingiza ndani, na kinachoinua ni bekin soda ama bekin pauda. Resipi ya kwanza niliyopata ilitaka kikombe kizima cha sukari, kama gramu 200, na kijiti kimoja cha siagi. Kijiti! Nilikaa na hiyo neno siku mbili, kumbe kwao siagi huuzwa imekatwa vipande virefu vya gramu 113. Lakini wacha siagi, angalia hiyo sukari. Gramu 200 kwa mkate unaokatwa vipande 12 ni karibu gramu 17 kila kipande, yaani vijiko vinne vya chai. Hiyo ni soda ya kutafuna.

Basi nikaona dawa ni rahisi, toa sukari yote, toa unga wote weka oti, maliza.

Kuhusu hii jina kwanza. Ukifungua kamusi utaambiwa oti ni shayiri, lakini shayiri mimi najua ni ile ya Narok inayopelekwa kutengeneza bia, na ukienda supamaketi ukaulize shayiri utaangaliwa tu. Kwa hivyo nitasema oti, yaani oats. Na nunua zile bapa za kawaida, zile zimepondwa zikakaa kama makapi makubwa, si zile za dakika moja ambazo zikigusa maji zinakuwa gundi.

Tofali la kwanza likatoka. Siwezi kuliita jina lingine. Lilikuwa la kijivu, limekauka, ukilikata linamwagika kama mchanga wa Machakos, na kijana wangu wa miaka minne alichukua kipande akagonga nacho meza akasema hodi. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba oti haina glutini, ile kitu inafanya chapati ivutike bila kukatika, kwa hivyo ukitoa ngano yote hakuna kinachoshikilia nyumba. Na ile sukari niliyotoa nikidhani ni utamu tu, kumbe ilikuwa imeandikwa kazi zingine hapo ndani na mimi sikujua. Sukari hushika maji, ndio mkate unakaa mbichi-mbichi siku tatu bila kukauka. Hulainisha, kwa sababu inaizuia glutini kujifunga sana. Na huleta rangi, ile hudhurungi ya juu na ile harufu inayofanya jirani akuulize leo kuna nini. Nilimfuta mfanyakazi mmoja kumbe alikuwa anafanya kazi za watu wanne.

Hiyo ndio kitu watu hawaambiwi kwa hizi resipi za "afya". Wanakuambia punguza sukari, na hawakuambii nani atafanya zile kazi zingine ikienda.

Tofali la pili nilitumia asali. Nilikuwa nimenunua chupa ya asali ya Baringo, nzuri, nyeusi, nikasema sukari ni mbaya lakini asali ni ya Mungu, nikamwaga kikombe kizima. Na hapo kulikuwa na makosa mawili kwa pamoja. Resipi ilisema digrii 350 na oveni yangu inaishia 250, nikafikiri labda hii resipi ni ya oveni za hoteli, nikazungusha kitufe mpaka mwisho. Ilikuwa Farenhaiti! 350 ya kwao ni kama 177 yetu. Ongeza hapo kwamba asali huungua haraka kuliko sukari na ina maji yake ndani. Dakika ishirini na tano juu kulikuwa makaa, ndani uji. Dirisha zote wazi, jirani wa chini akapiga simu akiuliza kama tuko salama.

Na hata kama ungetoka vizuri haungesaidia kitu, hiyo niliambiwa tulipomrudisha mzee kliniki. Kuna mama pale wa mambo ya lishe, mpole lakini hana mchezo, nikamwambia kwa majivuno kwamba mimi namwokea na asali, akaniangalia kwa huruma. Akaniambia mwili wa mzee hauulizi kama ni nyuki ama ni kiwanda. Nikaenda kusoma, na kweli hata Shirika la Afya Duniani kwa mwongozo wao wa mwaka 2015 waliweka asali kwa kikapu kimoja na sukari ya kuongezwa, pamoja na juisi ya matunda, wakasema zote kwa jumla zisizidi asilimia 10 ya nguvu unayopata kwa chakula, na ukiweza kushuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25, vijiko sita vya chai kwa siku nzima. Sita! Baba yangu hiyo anamaliza kabla ya taarifa ya habari ya saa moja asubuhi. Sukari guru pia iko kwa hicho kikapu, msinitumie meseji.

La tatu ndio lilinifundisha zaidi, na lilikuwa karibu kufaulu. Nilirudisha unga wa ngano, nusu mweupe nusu ule wa kahawia wa chapati, nikaweka sukari nusu kikombe, digrii 180, kila kitu sawa. Ukapanda! Nilikuwa nimekaa chini mbele ya kioo cha oveni kama naangalia mechi, ukapanda mpaka ukapita tini, nikaita watu, halafu mbele ya macho yangu ukashuka katikati ukawa kama barabara ya mtaa wetu baada ya mvua. Nikampigia binti ya shangazi yangu ako Mombasa, yeye huoka miaka, nikamtumia hiyo resipi akaijaribu Jumamosi na akanitumia picha. Mgongo umeinuka kama kobe. Unga ule ule, resipi ile ile, mkono labda, nikajisemea ni mkono. Lakini yeye ndio alicheka akaniambia, dadangu, wewe uko mlimani.

Na ni kweli jamani, sisi huishi mlimani tumesahau tu. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, ndio maana maji yetu huchemka karibu digrii 94 na maharagwe hutumaliza gesi. Hewa ya huku ni nyepesi, haisukumi sana, kwa hivyo zile povu za bekin soda zinafura haraka na kwa fujo kabla mkate haujashikana ndani, na kama hakuna kuta za kuzishika zinapasuka, paa linaanguka. Tena maji hukauka haraka huku juu. Ndio maana ukichukua resipi ya mtu anaishi karibu na bahari lazima upunguze bekin soda kidogo na uongeze maji kidogo.

Sasa sikiza hii, maana hapa ndio niliacha kijiko nikakaa. Sukari huchelewesha mayai na wanga kushikana. Ikiwa nyingi mkate lazima ufike joto zaidi ndio usimame, na hapo kwa huku juu povu zimeshapasuka kitambo. Ndio wapishi wa sehemu za milima, Colorado na kwingine, wameandika miaka mingi kwamba ukioka juu punguza sukari, hata kama hujali afya. Kwa hivyo mimi nilikuwa nafikiria nanyima mkate kitu, kumbe Nairobi yenyewe haitaki sukari mingi! Nilikuwa nimepunguza lakini sijafika. Nikashuka mpaka robo kikombe, gramu 50.

La nne nisiseme sana. Kila kitu kilikuwa sawa, nimeingiza, dakika kumi na tano, stima ikapotea. Mkate wa bekin soda hauwezi kungoja, soda ikishakutana na maziwa lala inaanza kazi papo hapo, ukikaa nusu saa povu zimeisha na umebaki na tope. Bekin pauda ina subira kidogo kwa sababu sehemu yake huamka mara ya pili ikipata joto. Nikakimbia nikatoa sufuria kubwa, nikamwaga chumvi chini, nikaweka kisahani cha chuma juu yake, nikafunika, gesi moto wa chini, nikahamisha tini. Ukaiva lakini umelala, juu mweupe kama mgonjwa. Lakini hiyo ajali ilinifundisha kwamba oveni si lazima, na majirani wangu wawili hawana oveni na sasa wanaoka hivyo: sufuria nzito, chumvi ama mchanga msafi chini, kifuniko kizito, uache ipate moto dakika kumi kabla ya kuingiza, halafu saa nzima moto mdogo bila kufunua funua. Ukiwa na jiko la makaa ni bora hata zaidi, acha makaa machache chini na uweke mengine juu ya kifuniko, hapo unapata rangi juu.

Sasa ule uliokubali.

Usiku ama saa moja kabla, chukua oti kikombe kimoja, kama gramu 90, loweka na maziwa lala robo tatu ya kikombe. Usiruke hii. Oti ikilowa inatoa ute, na huo ute ndio utashika maji kwa niaba ya ile sukari umetoa, na ndio utazuia mkate kukauka kwa hii hewa yetu. Oti kavu ukiitia hivyo hivyo itanyonya maji ya mkate wako kutoka ndani na utarudi kwa tofali la kwanza. Maziwa lala nayo ina ukali wa kuamsha bekin soda, na pia inafanya mkate uwe laini. Kama hauna lala kamulia limau kijiko kimoja kwa maziwa ya kawaida ungoje dakika tano.

Ndizi tatu kubwa, ponda na uma. Na hapa lazima niongee kidogo kwa sababu ndizi ndio roho. Si ndizi ya njano. Njano bado. Nataka ile ina madoadoa meusi, laini, ile mgeni ukimpa ataona umemdharau. Ndizi ikiiva wanga wake unageuka sukari, kwa hivyo ukitumia ya njano ngumu utahitaji kuongeza sukari na kazi yote imeharibika. Mama mboga wangu hapa kwa kona ashanijua, akiona zile ndizi zinaitwa Kampala zimeanza kuzeeka haziuziki ananiwekea kando, "kastoma, za mkate ziko," ananipea tano kwa hamsini. Shida ni mwezi wa saba, hiyo baridi ya Nairobi ndizi zinakaa kijani wiki mbili hazina habari. Ziweke kwa gunia ama mfuko wa karatasi na paipai bivu, ile gesi inatoka kwa paipai inaziamsha. Na zikiiva zote siku moja, menya uweke kwa friza. Zikitoka zitakuwa mbaya kuangalia, nyeusi na zinatoa maji, hizo ndio tamu kabisa, na hayo maji usimwage.

Changanya hizo ndizi na mayai mawili, mafuta robo kikombe, ile sukari gramu 50, vanila kama iko, halafu oti yako yote na ute wake. Kwa bakuli lingine weka unga kikombe kimoja na nusu, mimi bado naweka nusu ule wa kahawia, bekin soda kijiko cha chai kasoro robo, bekin pauda nusu kijiko, chumvi nusu kijiko, mdalasini kijiko kizima na iliki ya kusaga nusu kijiko. Bekin soda usiongeze ukidhani utapanda zaidi, utapata mkate mwekundu-mwekundu unaoonja sabuni. Na iliki usiniulize kama ni lazima. Ni lazima. Mdalasini na iliki zinadanganya ulimi, tumezoea kuzipata kwa vitu vitamu, mahamri, kaimati, chai ya harusi, kwa hivyo ulimi ukisikia iliki unajaza utamu wenyewe. Chumvi pia inasaidia hapo, watu wengi wakitoa sukari wanatoa na chumvi, halafu wanashangaa mkate umepooza.

Kutanisha sasa hizo bakuli mbili, koroga na mwiko mara chache tu mpaka unga mkavu usionekane, acha. Hapa hausongi ugali. Ukikoroga sana glutini inajifunga, na ile sukari ya kuilainisha haiko tena, mkate utakuwa wa kutafuna kama raba. Mabonge madogo madogo ni sawa. Mimi huongeza tende sita nimekatakata, za Eastleigh, na njugu karanga kiganja kimoja nimekaanga bila mafuta. Tende inafanya ukiuma unakutana na utamu sehemu moja, halafu hapana, halafu tena, na hiyo inafanya mkate wote uonekane mtamu kuliko vile ulivyo. Maembe nimejaribu mwezi wa kwanza yakiwa mengi, yanaweza lakini yana maji, punguza lala. Nanasi sikulipenda. Malenge ya kuchemsha ni mazuri sana lakini mzee alisema hiyo ni mboga akakataa kuendelea na mazungumzo.

Tini paka mafuta, mimina, nyunyizia oti kavu kidogo juu, digrii 180 dakika hamsini hadi saa moja. Dakika ya arobaini na tano dunga na kijiti cha mshikaki katikati, kikitoka na rojo rudisha. Hautakuwa na rangi kama ule wa sukari mingi, usiungoje uwe kahawia sana utakausha bure. Na ukitoka, hii ndio sehemu ngumu kwa nyumba ya Waafrika, usiukate. Ngoja upoe kabisa, saa moja na nusu hivi. Oti bado inaendelea kushika maji, ukikata moto utaona kama haujaiva utalia bure. Kusema ukweli siku ya pili ndio mzuri, harufu ya iliki imeingia kote.

Na niseme ukweli mwingine kwa sababu nimeona watu wakiuza hii mikate na kuandika ni ya wagonjwa wa kisukari. Hapana. Sukari ya kuongeza ni gramu 4 kila kipande, sawa, kijiko kimoja. Lakini ndizi ina yake, tende ina yake, unga wa ngano ukifika tumboni unageuka sukari pia. Huu ni mkate wenye sukari kidogo, si dawa. Na mambo ya oti kushusha kolestro ni kweli, ile faiba yake inayoitwa beta-glukani imechunguzwa sana, Marekani waliruhusu iandikwe kwa pakiti tangu mwaka 1997, lakini kiasi kinachozungumziwa ni gramu 3 kwa siku. Hiyo ni karibu robo tatu ya kikombe cha oti kavu kila siku. Kwa mkate wangu ungehitaji kula kama vipande tisa. Kama unataka hiyo kazi ya oti, kunywa uji wa oti asubuhi.

Basi Jumapili ikafika nikapeleka mkate kwa wazee, nimeufunga na kitambaa kama zawadi ya mahari. Baba akakata kipande, akanusa, akakula bila kusema kitu, akakata cha pili. Mama akanikonyeza. Mimi ndani nacheza. Halafu baba akavuta kopo la sukari, akaweka vijiko vitatu kwa chai kama kawaida yake, akaangalia mkate, akaweka cha nne.

"Baba!"

"Nini? Si mmetoa kwa mkate? Basi hiyo ndio nimerudisha hapa."

Sikulala vizuri hiyo siku, nilikuwa napiga hesabu. Mzee hunywa vikombe vinne kwa siku. Vijiko vitatu kila kikombe ni vijiko 12, na kijiko cha chai kilichosawazishwa ni gramu 4 hivi, hiyo ni gramu 48, na vyake havijasawazishwa, vyake vina kilele kama Mlima Kenya. Kwa mkate nilikuwa nimemwokolea gramu 13 kila kipande kulinganisha na ile resipi ya kwanza, vipande viwili ni 26. Akiongeza kijiko kimoja kila kikombe amerudisha 16. Faida ya wiki sita za tokeni za stima, chupa moja ya asali na heshima yangu kwa jirani wa chini ni gramu 10. Mimi nilikuwa nasaka sukari kwa tini ya mkate na ilikuwa imekaa kwa kikombe muda huo wote inaniangalia.

Nikarudi na mazungumzo. Baba haendi na kelele, ukimpigia kelele anawasha redio. Nikamwambia baba, mkate nitaendelea kuleta kila Jumapili, na tende nitaongeza, lakini chai tushuke kijiko kimoja tu, ulimi utazoea, si hata chumvi ulipunguza ukazoea. Akafikiria sana. Akasema sawa, vijiko viwili, lakini na hicho kijiko chake, kile cha kutoka barabarani, ambacho nikikiangalia hicho ni kijiko cha supu kimepata kazi ya chai. Mama akakiondoa kimya kimya, akaweka vile vidogo vya seti ya harusi yao.

Hiyo imeenda vizuri wiki tatu, na alipopimwa juzi akaniambia imeshuka, ingawa dawa pia anameza kwa hivyo sijui nimpigie nani makofi. Mkate anapenda, amenyima hadi wajukuu. Lakini Jumapili iliyopita nilikuwa natafuta miwani yake kwa mfuko wa koti, nikatoa kijiko.